Mvua Juu ya Bati la Isevya

Wimbo wenyewe ni wa Tabora Jazz. Babu aliunasa kwenye kaseti nyumbani kwake Isevya, Tabora, kwa kuiweka tepurekoda mbele ya redio. Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia nikauingiza kwenye kompyuta, nikafungua ikwalaiza yenye vitufe kumi, kuanzia hezi 31 hadi kilohezi 16. Nikapandisha besi. Nikashusha kabisa vitufe vya juu ili kuua mchakacho. Kisha nikamvalisha babu hedifoni.

Alisikiliza kidogo, akazivua. "Mjukuu wangu, hii siyo Tabora Jazz. Hili ni disko."

Nilicheka, lakini babu alikuwa ameuliza swali la mwanahistoria: sauti hii imepita wapi?

Tabora imezoea vitu vilivyosafiri. Katika karne ya 19, misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda na nguo na shanga. Reli ikafuata takriban njia ileile: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Muziki nao ulipita humo humo. Kiko Kids ya Salim Zahoro ilivuma Tabora tangu miaka ya 1950, kisha zikaja Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha", alitokea Kigoma, mwisho wa reli, akaja kuimba na Tabora Jazz.

Bendi nyingi za mikoani zilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Redio Tanzania. Kwa hiyo wimbo uliozaliwa Tabora ulishuka pwani, kisha ukarudi hewani. Na kama bidhaa yoyote ya safari ndefu, ulirudi umepungua. Redio ya masafa ya kati haipitishi sauti nyingi zaidi ya kilohezi 5. Spika ndogo ya redio ya betri nayo hushindwa kutoa sauti nzito sana. Waya mnene wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Mtikisiko huo haukufika barazani kwa babu. Sikio lake liliukisia kutokana na sauti za juu zinazoandamana nao.

Ina maana besi niliyoipandisha haikuwa besi. Ulikuwa mvumo wa mota ya tepurekoda, nami nimeufanya uwe mwanamuziki wa bendi.

Siku hizi, kabla ya kugusa kitufe, naviacha vyote kwenye sifuri na kuusikiliza wimbo mzima. Kisha napunguza kinachokera badala ya kuongeza ninachokipenda. Wimbo uliotoka kwenye utepe wa studio unaweza kustahimili besi zaidi, maana ilirekodiwa humo. Uliotoka redioni hauna. Aliyecheza dansi ukumbini atadai mpangilio mmoja, aliyekaa karibu na redio atadai mwingine, na wote wawili walikuwepo.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilipomrudishia babu nakala isiyo na besi ya kubuni, alitikisa kichwa tena.

"Na mvua je?"

"Mvua gani, babu?"

"Siku hiyo ilinyesha. Bati lilikuwa linapiga kelele mpaka bibi yako akaniambia nizime redio. Nikakataa."

Mchakacho nilioufuta haukuwa wa utepe peke yake. Ulikuwa pia mvua ya Tabora, ndani ya chumba ambacho muziki wa taifa ulikuwa unasikilizwa. Nilirudi kwenye kaseti, lakini utepe ulikatika katikati ya wimbo, na faili la kwanza nilikuwa nimeshalifuta kwa kuhifadhi jipya juu yake. Nusu ya kwanza nimeinakili upya, vitufe vyote vikiwa sifuri, na mvua imo. Nusu ya pili ipo kwangu tu, safi, kavu, kama iliyorekodiwa mahali pasipo na watu.

Babu huomba nusu ya kwanza.