Jinsi Watumishi wa Bunge la Kenya Wanavyoajiriwa

Kila baada ya miaka mitano wabunge na maseneta hurudi kwa wapiga kura, na baadhi yao hawachaguliwi tena. Makarani wa kamati, waandishi wa Hansadi, watafiti, mawakili, wahasibu na wakalimani wa lugha ya ishara hubaki kazini. Ndio wanaowapokea wageni wa muhula mpya na kuwaelekeza katika Kanuni za Kudumu. Kwa sababu hiyo, suala la nani anawaajiri, na kwa utaratibu gani, linamhusu kila mwananchi.

Hadi mwaka 1999 watumishi hao walikuwa sehemu ya utumishi wa serikali kuu, na Bunge lilihesabiwa kana kwamba ni idara mojawapo chini ya Ofisi ya Rais. Hali hiyo ilikuwa na kasoro iliyo wazi: karani aliyetakiwa kuisaidia kamati kuihoji wizara alikuwa ameajiriwa na mkono ule ule uliokuwa ukihojiwa. Mswada wa Peter Oloo Aringo, aliyekuwa mbunge wa Alego, ndio uliobadili Katiba ya wakati huo na kuunda Tume ya Huduma za Bunge. Sheria ya utekelezaji ilifuata mwaka 2000.

Katiba ya mwaka 2010 iliithibitisha Tume hiyo katika Ibara ya 127. Mwenyekiti ni Spika wa Bunge la Kitaifa, na Karani wa Seneti ni katibu wake. Wajumbe saba hutoka miongoni mwa wabunge na maseneta: wanne hupendekezwa na chama au muungano unaounda serikali na watatu na vyama vingine. Wawili zaidi, mwanamume na mwanamke, huteuliwa na Bunge kutoka nje kwa sababu ya tajriba yao katika masuala ya umma. Wawili kati ya kumi si wengi, na yafaa isemwe wazi kwamba wanasiasa ndio wengi katika meza inayoajiri watumishi wasiopaswa kuwa na upande. Hata hivyo, kuwapo kwa pande zote mbili za Bunge katika meza hiyo ni kizuizi cha aina yake.

Tume ndiyo inayobuni nafasi za kazi, kuwateua watumishi na kuwasimamia. Makarani wakuu wawili, mmoja wa kila Bunge, huteuliwa na Tume kwa idhini ya Bunge husika, kwa mujibu wa Ibara ya 128. Kwa nafasi nyingine, njia ya kawaida ni tangazo la kazi kwa umma, mchujo wa maombi na usaili.

Vigezo havitokani na matakwa ya msaili. Ibara ya 232 inataka ushindani wa haki na ustahili, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali, jinsia zote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Mahitaji ya kazi yenyewe nayo huamua mengi. Kwa kuwa lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, umilisi wa lugha kwa mwandishi wa Hansadi ni kazi yenyewe, wala si pambo la wasifu. Kwa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka watu walioteuliwa kwa ustahili na wenye tajriba ya fedha, uchumi na sera za umma.

Wasaidizi wa ofisi ya mbunge katika eneobunge ni kundi tofauti. Kazi zao hufungamana na muhula wa mbunge husika. Kuchanganya makundi haya mawili ndiko kunakowapa matapeli nafasi, kwani mwananchi huamini kwamba mbunge, au mtu anayedai kumjua, anaweza kumgawia mtu nafasi ya kudumu Bungeni. Hawezi. Anayedai fedha ili ampatie mtu kazi hiyo anatenda kosa chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, na anayezitoa naye hasalimiki.

Mtumishi akishaajiriwa, Ibara ya 236 inamlinda asionewe wala kubaguliwa kwa kutekeleza wajibu wake, na asifutwe kazi bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Ulinzi huo ndio unaomwezesha mtafiti kuiandikia kamati taarifa isiyompendeza waziri, au hata mwenyekiti wa kamati yenyewe.

Mwombaji asiyeridhika naye ana njia. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, raia anaweza kuomba kwa maandishi taarifa kuhusu jinsi nafasi ilivyojazwa. Ofisi ya umma inapaswa kutoa uamuzi juu ya ombi lake mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21.