Kilwa kwa Jicho la Mbali

Mwaka 1572, huko Cologne, Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia. Ukurasa mmoja wa kitabu hicho una Aden, Mombasa, Sofala na Kilwa, ambayo wao wameiandika Quiloa. Ukiitazama picha ile unaona bahari mbele, kisha mji. Yaani umeshasimamishwa chomboni, ndugu msomaji, wala hujaambiwa. Waliochapa hawakuwahi kukanyaga mchanga wa Kilwa. Walitegemea habari za Wareno, na Wareno wenyewe walishafungasha virago vyao Kilwa mwaka 1512, miaka 60 kabla kitabu hakijatoka. Lakini ndiyo Kilwa waliyoijua watu wengi wa Ulaya: mji unaotazamwa kutoka majini.

Jambo hili nimeliwaza sana tangu niliposhuka Kilwa na Lindi nikiwa na lenzi ndefu begani. Lenzi si yangu. Ni ya jamaa mmoja mpiga picha wa harusi, milimita 400, nzito kama mtoto wa kunyonya. Aliniazima kwa sharti moja tu: nimjaribie kama inafaa kupigia mkononi, bila stendi, maana harusini utasimika wapi miguu mitatu katikati ya kina mama wanaotunza? Mimi nami nilikuwa na langu. Naandika riwaya ambayo sehemu yake ni Kilwa ya karne ya 14, nikataka kumfahamu mgeni anayeingia bandarini na jahazi, anaona nini kwanza. Basi lenzi na riwaya vikasafiri basi moja.

Lenzi za namna hii zina historia yake. Mwaka 1891 watu watatu, kila mmoja kivyake, walitengeneza lenzi ya kuvuta mbali: Dallmeyer Uingereza, Miethe na Steinheil Ujerumani. Ujanja wao ni huu: vioo vya mbele vinakusanya mwanga, vya nyuma vinautanua tena kidogo, hivyo bomba linakuwa fupi kuliko ambavyo lingetakiwa kuwa. Bila ujanja huo mpiga picha angebeba mtarimbo. Na mwaka uleule wa 1891, mwezi Januari, serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala wa pwani yetu kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiuendesha. Sisemi mambo hayo mawili yana undugu. Nasema tu kwamba jicho refu na utawala wa mbali ni watoto wa rika moja.

Sasa jaribio. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni mkono wa bahari wa kilomita 2 hivi. Ng'ambo linaonekana Gereza, ile ngome ya ufukweni, na kwa macho matupu ni kama kiberiti kilichosahauliwa mezani. Kwa milimita 400, kwenye kamera ya kipimo cha filamu ya milimita 35, picha inakata upana wa kama mita 180 ng'ambo ile. Kiberiti kinageuka ngome. Unaona mlango, unaona nyufa, unaona hata mbuzi.

Lakini chochote kinachokuzwa kinakuzwa pamoja na mtetemeko wako. Mafundi wa zamani wanayo kanuni: kwa lenzi ya milimita 400, shata isiwe ya taratibu kuliko sehemu moja ya 400 ya sekunde. Lenzi za leo zina kidhibiti mtikisiko ndani yake (Canon walianza kuziuza mwaka 1995), kwa hiyo kanuni inalegea. Nilikizima makusudi, nijue mkono wangu wenyewe. Viwiko nikavibana mbavuni, kiganja cha kushoto chini ya lenzi, pumzi nikaitoa nusu, ndipo nikabonyeza. Kwa 1/1000 picha zilitulia. Kwa 1/400 zilitulia asubuhi, kabla mkono haujachoka. Kwa 1/125 Gereza lilikuwa uji. Na saa sita mchana hata 1/1000 haikufua dafu, kwa sababu hewa juu ya maji ilikuwa inachemka na kuta zikacheza kama nguo kwenye kamba. Hapo hata stendi ya chuma haikusaidii.

Kwenye mashua mambo yanageuka. Huko stendi ni adui, kwani mashine inatetemesha mbao na mbao zinatetemesha stendi. Hata kiwiko usikiegemeze ubaoni. Simama, legeza magoti, mwili wako ndio uwe springi. Hapo ndipo mkono unapoushinda mguu wa chuma.

Kilichonikera si mtikisiko, ni ule ubapa. Lenzi ndefu inavibandika pamoja vitu vilivyo mbalimbali. Nahodha aliponipitisha pembeni mwa kisiwa, nikapata fremu moja yenye Gereza mbele na kuta za Makutani nyuma yake, zimegusana kama nyumba na jiko lake. Kumbe kati yake ni mwendo wa mita mia kadhaa. Tena Gereza hili tulionalo ni kazi ya wakati wa Waarabu wa Oman, mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Kuta nyingi za Makutani ni za karne ya 18. Na ndani zaidi, mahali ambapo lenzi yangu haikufika, upo Msikiti Mkuu ulioanza takriban karne ya 11 na kuongezwa kuba karne ya 14. Ukiwa mbali, karne hizo zote zinakuwa neno moja: "magofu". Nahodha alipoiona picha kwenye kioo cha kamera alicheka, akauliza mbona nyumba yake haimo. Ilikuwa nyuma ya ukuta. Kisiwa kina wakazi, kina shule, kina watu wanaokwenda kuvua, ila kutoka majini picha inatoka kama mji wa wafu.

Wenye meli hawakuhitaji zaidi ya hapo. Julai 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida liliingia Kilwa, likaushambulia mji na kuuteka. Mei 1890 meli za Wissmann ziliipiga mizinga Kilwa Kivinje na Lindi, kulipiza uasi wa 1888. Mizinga haihitaji kujua nani anaishi nyuma ya ukuta.

Ila Lindi ina kisa kinachonifurahisha, kwa sababu ndani yake jicho la mbali lilishindwa. Oktoba 1914 vita vikiwa vimeanza, manowari ya Uingereza, Chatham, ilikuwa inaitafuta meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg, ambayo ilikuwa imepotea. Wakaikuta Präsident, meli ya Kijerumani, imejisweka ndani ya mto Lukuledi na kujitangaza kuwa meli ya hospitali. Nimesimama ufukweni Lindi na kuelekeza lenzi upande wa Kitunda na mdomo wa mto, naelewa shida yao. Mikoko, maji ya udongo, halafu mikoko tena. Darubini ingekupa milingoti na bendera, na bendera ilikuwa inadanganya. Ikabidi mabaharia waingie mtoni, wapande melini, wapekue. Humo ndimo walimopata karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yanapelekwa delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa. Mwisho wa mwezi huohuo milingoti ya Königsberg ikaonekana juu ya miti ya Rufiji. Aprili 1915 ndege ikapita juu na kuipiga picha, na hebu fikiria kupiga picha ndani ya ndege za zama zile, turubai na waya, injini inanguruma. Julai 11, 1915 meli ile ikaishia palepale deltani. Lakini aliyeitoa siri alikuwa karatasi ndani ya meli, Lindi.

Hivyohivyo kwa Kilwa. Tunachokijua leo hakikutoka majini. Neville Chittick alichimba miaka ya 1960, akapima kuta, akapanga vigae vya kaure kutoka China na sarafu za shaba, akatoa vitabu viwili mwaka 1974. Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ukiliangalia kutoka baharini ni mawe juu ya genge na miti. Panda juu kwa miguu ndipo unakutana na birika la pembe nane, unasimama ukingoni mwake, unajiuliza nani alikuwa anateka maji ya kulijaza. Sarafu ya sultani huyo iliokotwa Great Zimbabwe mwaka 1971. Picha yangu ya Husuni niliyoipiga mashuani, 1/1000, ni kali kama wembe na haisemi lolote kati ya hayo.

Kilwa Kivinje sikutumia lenzi kabisa. Mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895, hapahitaji kuvutwa karibu. Unasimama tu.

Nirudi kwa yule mgeni wa riwaya yangu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Angeweza kutuachia mandhari, minazi na machweo. Badala yake alitusimulia jambo lililotokea hatua chache kutoka msikitini. Sultani, aliyekuwa akisifiwa kwa ukarimu, ametoka kwenye sala ya Ijumaa. Fakiri mmoja akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali, akaingia ndani, akabadili, akampa. Watu wakasifu. Kisha mwana wa sultani akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyosifu, akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha ukarimu wa Kilwa. Mimi kila nikikisoma namtafuta mtu mwingine. Fakiri tunamwona, sultani tunamwona, hata kanzu tunaiona. Wale ishirini hawana jina, hawana sura, hatuambiwi walitoka bara gani wala walikwenda kulala wapi usiku ule na bwana wao mpya, ambaye mchana alikuwa ombaomba. Mtu alisimama karibu kiasi kile, na bado hawakuingia kwenye picha.

Sura ya kwanza nimeifuta mara mbili. Ilikuwa inaanza na jahazi linaingia, mji mweupe, mawimbi. Sasa inaanza Ijumaa, jua la saa saba, nje ya msikiti. Mtu anawahesabu mpaka kumi, na wa saba anaulizwa jina.