Usiku Mmoja Kabla ya Bahari

Reli ya Mombasa haikujengwa ili watu wakaogelee. Ilipoanza kutandazwa mwaka 1896, haja ya Waingereza ilikuwa kuifikia Uganda na Ziwa Viktoria. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 wakafia kazini. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo walitia hofu kambini hata ujenzi wa daraja la huko ukasimama. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, Kisumu Desemba 1901. Likizo ya ufukweni haikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Walioionja kwanza ni walowezi. Walipanda treni pamoja na watoto, masanduku na watumishi, wakateremka Pwani kupumzika. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Mwafrika wa bara aliyeiona bahari enzi hizo aghalabu alikuwa amefuata kazi bandarini, au amefuatana na mwajiri ili amlelee watoto.

Baada ya Uhuru wa 1963, mwalimu, karani, muuguzi na askari nao wakaitaka raha ya Mombasa. Wafanyakazi wa reli walikuwa na pasi za kusafiria. Shule zikaanza kupeleka wanafunzi. Kwa watoto wengi wa bara, bahari ilianzia stesheni ya Nairobi.

Treni iliondoka saa moja jioni. Chumba cha daraja la pili kilikuwa na vitanda vinne, wanaume kwao na wanawake kwao. Familia iliyotaka kukaa pamoja ililipia chumba kizima. Muda si muda mhudumu alipita ushorobani akigonga marimba ndogo ya mkononi, kuwaita watu mezani kwa zamu. Vijiko na uma vilichorwa herufi za shirika la reli, na supu ilichezacheza bakulini kila treni ilipokata kona. Abiria waliporudi walikuta vitanda vimetandikwa shuka na blanketi, na hapo ugomvi wa kugombea kitanda cha juu ukaanza.

Daraja la tatu halikuwa na marimba. Lilikuwa na benchi, mizigo hadi mlangoni, chapati zilizofungwa, mayai ya kuchemsha na chai ya thamosi. Mtoto alilazwa juu ya leso sakafuni, katikati ya miguu ya watu wazima. Huko ndiko walikokuwa abiria wengi, na ndiyo maana huniuma kusoma masimulizi ya safari yanayotaja vitambaa vyeupe vya meza tu, kana kwamba behewa la chakula ndilo lililokuwa treni nzima. Aliyesafiri benchini atakutajia vituo kwa mpangilio: Konza, Sultan Hamud, Makindu, Mtito Andei, Voi. Alivijua kwa sauti za wachuuzi gizani kabla hajaviona kwenye ramani.

Kutoka Nairobi hadi usawa wa bahari ni mteremko wa mita zipatazo 1,700, na treni iliushuka usiku kucha. Basi au ndege haikupi hilo. Mwili ulipata nafasi ya kuhama. Sweta iliyovaliwa Nairobi ilivuliwa njiani bila mtu kuambiwa. Jua lilichomoza juu ya nyika kavu, pande za Mackinnon Road na Mariakani, kisha karibu na Mazeras minazi ikajitokeza, hewa ikawa nzito, na watoto wakabanana dirishani kushindania nani ataiona bahari kwanza. Baada ya Changamwe treni ilivuka Makupa, maji huku na huku, ikaingia kisiwani. Waliobaki na nguvu walikwenda moja kwa moja kupiga picha chini ya sanamu za pembe za ndovu mjini. Wengine walikimbilia feri ya Likoni. Madafu, viazi karai, na mabuyu ya kurudi nayo nyumbani havikukosa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nayo. Mabehewa yakazeeka bila kupata warithi. Machi 1999 treni ya usiku iliacha reli karibu na Tsavo, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Kukodishwa kwa reli kwa kampuni binafsi mwaka 2006 hakukuleta nafuu iliyotarajiwa: treni ilikwenda mara tatu tu kwa wiki, na safari ya saa 13 au 14 iliweza kula siku nzima. Ilisimamishwa Aprili 2017, na Mei 31 mwaka huohuo treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ikazinduliwa. Wengi husema SGR ndiyo iliyoiua treni ya usiku. Mimi naona iliuawa karakanani, kwa vipuri visivyonunuliwa, miaka mingi kabla.

Treni mpya hutoka Syokimau hadi Miritini kwa muda wa saa tano hivi. Familia inaondoka asubuhi na jioni ileile watoto wanachezea mawimbi pale ufuo wa Jomo Kenyatta, na Desemba tiketi hugombaniwa. Nafurahi kwa hilo. Ila mabehewa yake hayana vitanda.

Katika makumbusho ya reli Nairobi imehifadhiwa injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, moja ya 34 zilizoundwa Manchester miaka ya 1950 na kutawala njia hii. Chuma kimepata pa kutunzwa. Masimulizi ya daraja la tatu bado yako vichwani mwa watu ambao sasa ni babu na nyanya, na ningependa kuona wanafunzi wa historia wakitumwa na kinasa sauti kuwauliza nauli ilikuwa kiasi gani, walibeba nini, na nani aliwashika mkono walipoingia majini mara ya kwanza.