Masega Yaliyoing'oa Risasi kwenye Petroli

Simulizi inayopendwa kuhusu mwisho wa petroli yenye risasi inasema kwamba wanasayansi waliigundua sumu, wakapiga kelele, na dunia ikasikia. Tarehe zinaikataa simulizi hiyo. Desemba 1921 Thomas Midgley, wa maabara ya General Motors mjini Dayton, aliijaribu tetraethili ya risasi ndani ya injini iliyokuwa ikigonga, na kugonga kukakoma. Februari 1923 petroli yenye kiambato hicho ikaanza kuuzwa mjini humo. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya mvuke wake kuwavuruga akili, na wenzao wengi wakalazwa hospitalini. Mei 1925, katika mkutano ulioitwa na serikali mjini Washington, daktari Alice Hamilton aliipinga hadharani. Kwa maneno mengine, sumu ilijulikana kabla biashara yenyewe haijatimiza miaka mitatu, lakini magari yaliendelea kuimwaga barabarani kwa nusu karne. Kilichoanza kuing'oa ni kipande cha kauri chenye vitundu vingi, kilichopakwa gramu chache za platinamu na kufungwa ndani ya bomba la moshi, ambacho kwa Kiswahili cha gereji kinaitwa masega. Risasi ilikuwa inakiua, na sheria ilikuwa inakidai.

Kichocheo, kwa wanakemia, ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Moshi wa petroli ukipita juu ya platinamu na paladiamu iliyopata joto la nyuzi mia kadhaa, kaboni monoksidi hugeuka kaboni dioksidi, na mafuta yaliyotoka bila kuungua humalizikia hapo. Rodiamu huzivunja oksidi za nitrojeni ziwe nitrojeni ya kawaida. Kazi yote hufanyika juu ya uso wa metali, na hapo ndipo risasi inapoleta balaa: huganda juu ya uso huo na kuuziba, moshi ukapita kama ulivyo. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani na kujipatia jina kwa kupasua mafuta mazito kwa vichocheo, alianza kutengeneza visafisha moshi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo miaka hiyohiyo ambayo mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari. Ugonjwa ulikuwa umetajwa na dawa ilikuwa mezani. Houdry alifariki mwaka 1962 kifaa chake kikiwa bado hakijaingia kwenye magari ya kawaida, kwa kuwa karibu kila pampu ya petroli iliuza kitu cha kukiua.

Mambo yaligeuka tarehe 31 Desemba 1970, Rais Nixon alipotia saini Sheria ya Hewa Safi. Sheria hiyo iliwataka watengenezaji wa magari wapunguze kaboni monoksidi na hidrokaboni kwa asilimia 90 kufikia magari ya mwaka 1975. Haikutaja platinamu wala kauri. Ilitaja kiwango na tarehe, ikawaachia wahandisi njia. Tarehe zilikuja kusogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini viwango vya muda vilivyobaki vilitosha kuyaingiza masega kwenye magari mengi ya Marekani ya mwaka 1975. Ed Cole, rais wa General Motors, alikwisha kuanza mwaka 1970 kudai petroli isiyo na risasi. Kampuni iliyoizaa petroli ya risasi, na iliyokuwa mmoja wa wamiliki wa Ethyl, kampuni iliyouza kiambato hicho, hadi 1962, sasa ilitaka ifukuzwe ili kifaa chake kipya kisiharibike; kejeli hiyo haihitaji maelezo. Kuanzia Julai 1974 vituo vingi vya Marekani vililazimika kuwa na petroli isiyo na risasi, na mdomo wa tangi la magari mapya ukafanywa mwembamba ili bomba la petroli ya zamani lisiingie. Baadaye kidogo, gari la Volvo likaja na kichocheo kimoja cha kusafisha gesi zote tatu, kikiongozwa na kihisi cha oksijeni.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba masega hayakuwa lazima, maana Honda ilitimiza viwango vya 1975 kwa injini yake ya CVCC bila kichocheo chochote, na injini hiyo iliweza kutumia petroli yoyote. Ni kweli, na ukweli huo unaisaidia hoja yangu. Kama viwanda vyote vingeifuata njia ya Honda, hewa ingepungua gesi chafu huku risasi ikibaki palepale. La pili linahusu afya. Mwanajiokemia Clair Patterson alionyesha mwaka 1965 kwamba binadamu wa zama zetu amebeba risasi nyingi kuliko ya asili, na serikali ya Marekani ikaweka ratiba ya kuipunguza kwa sababu za afya, ratiba ambayo Ethyl iliipinga mahakamani na kushindwa mwaka 1976. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Hata hivyo ratiba ilikuja wakati petroli mbadala ilikwisha kuamriwa kwa ajili ya masega. Ushahidi mzito kuliko wote, wa damu ya Wamarekani kupungua risasi kwa takriban asilimia 37 kati ya 1976 na 1980, ulipatikana baada ya magari hayo kuingia barabarani. Sayansi ya afya ilipata takwimu zake bora kutokana na uamuzi uliofanywa kwa sababu nyingine.

Afrika ilikwenda kwa mpangilio tofauti. Azimio la Dakar la Juni 2001 lilijengwa juu ya afya ya watoto, na kufikia mwanzo wa 2006 nchi za kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilikuwa zimeiacha petroli hiyo. Wepesi huo ulitokana na kazi iliyokwisha kufanywa kwingine: soko la dunia lilikuwa na petroli safi ya kununua, na magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yakishuka Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na masega tayari. Nchi ya mwisho, Algeria, iliacha Julai 2021, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likatangaza kutoka Nairobi.

Risasi ilipoondoka, injini bado zilihitaji kitu cha kuzuia kugonga. Sehemu ya jibu ni alkileti, inayotengenezwa kwa asidi ya salfuri au ya hidrofloriki, na hii ya pili ni ya kutisha: Juni 2019 mlipuko kwenye kiwanda cha Philadelphia uliachia zaidi ya tani mbili zake. Vimiminika vya ioni, yaani chumvi zinazobaki majimaji katika joto la chini, vinaweza kuchukua nafasi ya asidi hizo. Mwanakemia Paul Walden alieleza kimoja mwaka 1914. Chevron ilianza kutumia kichocheo cha aina hiyo katika kiwanda chake cha Salt Lake City mwaka 2021. Viwanda vingi vimebaki na asidi zilezile. Kemia safi inaweza kukaa rafuni muda mrefu, kama kifaa cha Houdry kilivyokaa, mpaka uchafu uanze kumgharimu anayeuzalisha.

Ndiyo maana Afrika Mashariki isidhani imemaliza kazi kwa kuifukuza risasi, wala kwa kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Platinamu ina bei, na masega hung'olewa na kuuzwa. Gari lililong'olewa masega huwaka na kwenda kama kawaida, hivyo macho ya mkaguzi hayatoshi. Mamlaka zinazokagua magari kila mwaka ziupime moshi wenyewe kwenye bomba, ziweke kiwango kinachojulikana, na gari lisilokifikia lisipewe cheti.