Christian Okoye: mtoto wa vita aliyeanza mpira akiwa na miaka 23

Hii ni historia ya Mwafrika mmoja aliyezaliwa katika mji ambao wakaaji wake waliujua ukimbizi.

Christian Okoye alizaliwa tarehe 16 Agosti 1961 huko Enugu, mashariki mwa Nigeria. Alikuwa hajatimiza miaka sita wakati vita vya Biafra vilipoanza, mwezi wa saba mwaka 1967. Enugu ndio uliokuwa mji mkuu wa Biafra. Mwezi wa kumi jeshi la serikali liliuteka, raia wakakimbia. Vita vilikwisha mwezi wa kwanza 1970. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao watoto walioangamizwa na njaa. Okoye alikuwa kati ya watoto waliookoka.

Alipokua akawa mwanariadha wa kurusha kisahani. Kipawa hicho kilimpatia nafasi ya masomo katika chuo kikuu cha Azusa Pacific, jimbo la California, Marekani. Macho yake yalikuwa kwenye Olimpiki ya 1984, iliyofanyika Los Angeles, karibu kabisa na chuo chake. Lakini Nigeria haikumchagua.

Hapo ndipo alipogeukia mpira wa Kimarekani, mchezo ambao hakuujua utotoni. Alikuwa na miaka 23, ilhali wenzake wengi walikuwa wameucheza tangu shuleni.

Mpira huo si ule wetu wa miguu. Mpira unabebwa mkononi, na ekipe inapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, yaani mita tisa hivi. Kazi ya Okoye ilikuwa kupokea mpira na kupenya katikati ya wanaume wanaotaka kumwangusha. Alikuwa na kilo karibu 118, na pamoja na uzito huo alikuwa na mbio. Mabeki walipata taabu sana naye, hata akaitwa Jinamizi la Nigeria.

Mwaka 1987 ekipe ya Kansas City Chiefs ilimchukua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, alibeba mpira mara 370 na kupata yadi 1,480. Katika ligi nzima hakuna aliyemfikia mwaka huo. Ukihesabu kwa mita, ni kama mita 1,350 tu. Mtoto wa shule anaitembea kila asubuhi. Lakini yeye aliipata kwa kugongwa karibu kila mara.

Mwili ulilipa deni. Magoti yaliumia, na msimu wa 1992 ukawa wa mwisho kwake. Aliacha jumla ya yadi 4,897, rekodi ya ekipe yake wakati huo. Mwaka 2000 Chiefs walimwingiza katika orodha yao ya wachezaji wa heshima.

Tusidanganyane: si kila mtoto aliyekimbia vita atakuwa Okoye, na wengi wa rika lake hawakupata hata nafasi ya kukua. Lakini kwa kijana anayedhani miaka aliyopoteza ukimbizini imemfungia kila njia, historia hii inasema jambo moja: Okoye alichelewa, alikataliwa, na bado alianza.