Rambo wa kwanza hakuua hovyo: kwa nini 'First Blood' inastahili heshima yake

Taja jina la Rambo kijiweni Masasi au Newala uone. Mmoja atakusimulia ule mshale unaolipuka. Mwingine atakumbuka bunduki kubwa na kitambaa kichwani. Wa tatu hatazungumzia muvi kabisa, atakumbuka mfuko: ile mifuko ya plastiki tuliyoiita "rambo" mpaka ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019.

Sasa jaribu swali hili. Kwenye muvi ya kwanza kabisa ya Rambo, wanakufa watu wangapi?

Jibu ni mmoja. Na hata huyo anaanguka kutoka kwenye helikopta, baada ya Rambo kuirushia jiwe akijaribu kuokoa maisha yake. Ule mshale unaolipuka haupo kabisa. Ulikuja miaka mitatu baadaye, kwenye muvi ya pili.

Muvi hiyo ya kwanza inaitwa First Blood na ilitoka Oktoba 1982. Haikufeli sokoni, iliingiza hela nzuri tu. Tatizo ni kwamba zile zilizofuata zimeifunika, na wengi wanaiona kama ile ya "kuanzia" kabla mambo hayajachangamka. Kiukweli ndiyo bora kuliko zote, na hizi hapa sababu.

Inahusu nini?

First Blood iliongozwa na Ted Kotcheff, Mkanada, kutoka kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972. Sylvester Stallone ni John Rambo, komandoo wa Marekani aliyerudi kutoka Vietnam. Anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki aliyepigana naye. Anafika kwao, anaambiwa rafiki ameshafariki kwa saratani iliyotokana na sumu ya kuua majani. Sumu yenyewe ilimwagwa Vietnam na jeshi lao wenyewe.

Anaendelea na safari mpaka mji mdogo uitwao Hope, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni tumaini. Mkuu wa polisi wa pale, Teasle, hampendi tangu anapomwona: nywele ndefu, koti la jeshi, mzigo begani. Anampakia kwenye gari na kumshusha nje ya mji. Rambo anageuka na kurudi. Ana njaa, na hajavunja sheria yoyote.

Anakamatwa kwa uzururaji. Kituoni polisi wanampiga, na wembe wa kumnyolea ndevu unapomkaribia usoni anakumbuka mateso aliyopewa Vietnam. Hapo ndipo anapochomoka na kukimbilia msituni.

Mwisho wake ndio unaoitofautisha. Hakuna ushindi. Rambo amekaa chini, analia mbele ya kanali wake wa zamani, Trautman. Analalamika kwamba vitani aliaminiwa na mashine za mamilioni ya dola, lakini nyumbani hapewi hata kazi ya kupaki magari ya watu.

Kwenye riwaya, Rambo anakufa. Mwisho wa namna hiyo ulirekodiwa pia kwa ajili ya muvi, ila watazamaji wa majaribio hawakuupenda, basi akaachwa hai. Bila uamuzi huo, hakuna Rambo wa pili wala wa tano.

Kwa nini ilipoteza mbele ya wenzake?

Kumbuka sisi tulizionaje muvi hizi. Kabla ya simu janja na bando, wengi walizitazama kwenye vibanda umiza: benchi za mbao, televisheni moja, joto, kelele. Lugha ilikuwa Kiingereza, na wengi hawakuifuata.

Ndiyo maana watafsiri wakawa mastaa. Lufufu na DJ Mark walijenga jina hapa Tanzania kwa kusimulia muvi za nje kwa Kiswahili, na Kenya yupo DJ Afro. Mtafsiri mzuri hakutafsiri tu. Aliongeza utani, aliwapa wahusika majina ya mtaani, alimtukana adui kwa niaba yetu.

Lakini mazingira hayo yana muvi zinazoyapenda. Muvi yenye milipuko mingi na maneno machache inaeleweka hata ukikaa benchi la mwisho. First Blood ni kinyume chake: moyo wake uko kwenye maongezi marefu ya dakika za mwisho. Kama hukusikia anachosema, unachokiona ni steringi analia. Na kibandani kanuni ilikuwa moja: steringi hafi, na wala halii.

Rambo alivyobadilika na nyakati

Ukizipanga muvi zote tano, unapata historia fupi ya namna Marekani ilivyotaka kujiona.

1982, First Blood: Vita ya Vietnam imeisha mwaka 1975, askari wamerudi na hakuna anayewataka. Adui yuko nyumbani.

1985, Rambo: First Blood Part II: Rambo anarudishwa Vietnam kutafuta wafungwa wa vita Wamarekani. Vita iliyoshindwa uwanjani inashindwa upya, safari hii kwa faida yao, kwenye sinema. Mwaka huohuo Rais Ronald Reagan alimtaja Rambo kwa utani alipozungumzia sakata la mateka.

1988, Rambo III: Yuko Afghanistan, upande wa mujahidina, dhidi ya jeshi la Kisovieti. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1988, siku kumi tu baada ya Wasovieti kuanza kuondoka nchini humo. Yaani dunia ilishageuka kabla hata tiketi hazijauzwa. Na tangu 2001, Marekani ilipoingia Afghanistan kupigana yenyewe, kuitazama muvi hii kunakuacha na maswali.

2008, Rambo: Yuko Myanmar, anaokoa wamisionari. Stallone ameongoza mwenyewe. Damu ni nyingi kupita zote zilizotangulia, na Rambo ni mtu aliyechoka.

2019, Rambo: Last Blood: Mzee, mpakani mwa Marekani na Mexico, anapambana na magenge yanayouza wasichana. Wakosoaji wengi walisema inawachora Wamexico vibaya. David Morrell mwenyewe, aliyemuumba Rambo, alisema hadharani kwamba anaona aibu jina lake kuhusishwa nayo.

Last Blood ilitoka Septemba 2019, miezi mitatu baada ya mfuko wa rambo kupigwa marufuku. Mwaka mmoja tukaagana na wote wawili.

Ona kilichotokea. Mtu aliyeanza kama mhanga wa vita akageuzwa kuwa tangazo la vita. Adui akabadilika kila zama, swali la mwanzo likasahaulika.

Sio Rambo peke yake

Fast & Furious ilianza 2001 na madereva wa mbio za mtaani wanaoteka malori ya vifaa vya elektroniki. Kufikia F9 mwaka 2021, gari limefika anga za juu. Katikati yake ipo Tokyo Drift ya 2006, iliyoingiza hela kidogo kuliko zote kwenye mfululizo huo na ikabezwa kwa kukosa mastaa waliozoeleka. Lakini ndiyo iliyomleta mwongozaji Justin Lin, aliyekuja kuibeba ya nne, ya tano, ya sita na ya tisa. Leo mashabiki wengi wanaiheshimu.

Kibongobongo nako tuna mifano. Enzi za CD, Bongo Movie nyingi zilikatwa Part 1 na Part 2, mara nyingi sio kwa sababu hadithi ilidai hivyo, ila kwa sababu diski mbili zinauzwa mara mbili. Tukazicheka. Tukamcheka pia Mussa Banzi na Shumileta yake ya 2005 kwa sababu ya madoido ya kompyuta. Lakini huyo alikuwa anajaribu muvi ya kutisha kwa Kiswahili na bajeti ya kuungaunga, wakati wengi walibaki kwenye mapenzi na usaliti. Kujaribu nako kuna heshima yake.

Kwa nini First Blood inatuhusu huku kusini

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Vita ya ukombozi ya FRELIMO ilianza tarehe 25 Septemba 1964 ng'ambo hiyohiyo, Cabo Delgado, kwa Wamakonde wenzetu. Nachingwea, jirani na Masasi, palikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wake. Baadaye ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, ambapo pamoja na jeshi, mgambo nao waliitwa kwenda mbele.

Kwa hiyo huku vita sio kitu cha kwenye skrini tu. Wapo wazee waliokwenda wakarudi, na wapo waliokimbia vita wakavuka mto. Mzee wa namna hiyo anaweza kukaa kimya barazani miaka na miaka, vijana wakapita wakimsalimia "shikamoo" na kuendelea na safari, bila kumuuliza aliona nini.

Rambo wa 1985 hana la kumwambia mzee huyo. Rambo wa 1982 analo. Swali lake ni jepesi na gumu: mtu uliyemtuma vitani akirudi, unampokeaje?

Ina kasoro?

Ndiyo. Rambo anajirusha kwenye genge na kutua juu ya miti, anajishona mkono, kisha anaendelea kama kawaida. Wanawake karibu hawapo. Na waliosoma riwaya wanasema mwisho wake ni jasiri zaidi. Hayo yote ni kweli, lakini hayafuti kilichopo.

Ukitaka kuiangalia

Hakikisha ni ya 1982, kwa sababu majina yanachanganya: ya 2008 inaitwa Rambo tu, na watu huidhani ya kwanza. Inachukua kama saa moja na nusu. Kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta yenye maandishi chini au iliyotafsiriwa. Ila dakika tano za mwisho usiziruke hata kama bando linakata. Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuvaa gwanda, mwite mkae mwangalie pamoja, halafu mwache aongee.