Duara la Sheikh Ramiya

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wapagazi walioingia Bagamoyo kwa mwaka walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi walikuwa watu huru kutoka Unyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwa ujira, wakapumzika, wakanunua nguo na shanga, wakarudi makwao. Nyuma yao, katika misafara hiyo hiyo, walikuwamo wasio na pa kurudi: waliokamatwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine wakiwa watoto wadogo, wakauzwa. Baadhi yao walivushwa Unguja. Waliosalia walibaki hapa pwani, kwenye mashamba ya minazi na katika nyumba za mabwana.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili, mzaliwa wa mji huu, na kazi yangu imenizoesha kuuliza jambo ambalo vitabu vya historia hulipita haraka. Watu hao walipata wapi usingizi? Bei ya pembe tunaijua. Tunawajua pia mabwana waliotajirika, na magofu ya nyumba zao watalii huyapiga picha. Lakini mtoto aliyeng'olewa kwa mama yake akiwa na miaka saba, akapewa jina jipya na dini mpya, alikuwa na moyo wa namna gani alipofika miaka arobaini?

Na hakuachwa apumue. Mwaka 1888 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilizuka, mji ukapigwa mizinga. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na biashara ikawafuata. Kati ya 1905 na 1907 vita vya Maji Maji vikateketeza kusini, na habari za njaa yake zikafika kote pwani. Mwaka 1916 manowari za Waingereza zikaushambulia mji. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Mtu aliyezaliwa Manyema mwaka 1870 aliyaona yote hayo kabla nywele zake hazijaisha kuwa nyeupe. Leo tungesema taifa zima lilikuwa na msongo wa mawazo, ingawa wakati huo taifa lenyewe lilikuwa halijakuwapo.

Wakoloni walijibu kwa kujenga majengo. Huko Lutindi, juu ya milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na yapo hadi leo. Sijawahi kuona ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba utumwa na ugonjwa wa akili vinapakana. Waingereza nao wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Hospitali hizo zilimpokea aliyekwisha kuvunjika, aliyerusha mawe au kuvua nguo sokoni. Aliyekuwa amebeba mzigo wake kimya kimya, akipika, akilima, akikosa usingizi, hakuwa na mlango wa kubisha.

Bagamoyo mlango huo ulifunguliwa na mtu aliyekuwa mtumwa.

Jina lake Yahya bin Abdallah, ila watu walimwita Sheikh Ramiya. Aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akawa mtumwa wa Amir bin Sulaiman al-Lemki, liwali wa mji. Alisoma dini, akafanya kazi za mkono, akapata minazi yake, akafungua madrasa. Akapokea pia ijaza, yaani idhini ya kuongoza, ya tarika ya Qadiriyya, njia ya Kisufi ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza Zanzibar tangu enzi ya Sultani Barghash. Sheikh Uways aliuawa kwao Somalia mwaka 1909. Kufika wakati huo khalifa zake na murid wao, yaani wafuasi, walikuwa wameshatapakaa pwani yote na kuingia bara, hadi Tabora na Ujiji. Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Fikiria mji ambao waungwana wake walijipanga kwa nasaba, na kiongozi wa dini aliyevuta watu kuliko wote akawa mtu asiye na nasaba ya kutaja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akienda kwenye duara lake. Asili yake hakuitaja kamwe, nasi tulifundishwa kutouliza. Alichokuwa tayari kueleza ni zikri, ule utajo wa Mungu wa pamoja, ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Ubani unafukizwa kwenye chetezo, watu wanakaa, uradi unasomwa. Kisha wanasimama duara, wameshikana mikono, khalifa katikati. Wanaanza taratibu na lailaha ilallah, kila neno na nafasi yake. Mwendo unaongezeka. Miili inainama na kuinuka pamoja, maneno yanapungua, mpaka inabaki pumzi tu inayotoka kifuani kwa kishindo kimoja. Wapo watu wa mjini walioiita zikri ya kukohoa, kwa kejeli. Halafu khalifa anaashiria, wote wananyamaza, dua inasomwa, kahawa inapita. Wanawake walikuwa na sehemu yao. Bibi alikuwa akisema kwamba usiku huo roho yake ilitua.

Mwaka 1908 serikali ya Kijerumani ilipata hofu. Barua iliyodaiwa kutoka Makka ilikuwa ikizunguka Lindi na miji mingine, ikiwahimiza Waislamu warejee katika dini yao kwa nguvu, na maafisa wakaanza kuyatilia shaka maduara ya zikri. Kwa macho yao, watu weusi waliopumua kwa pamoja usiku walikuwa wanapanga vita. Ni haki kuongeza kwamba maulamaa wengine nao hawakuipenda zikri ya namna hii, na ubishi huo haujaisha.

Wazungu walifika kwenye pumzi baadaye sana. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Harvard alichapisha kitabu kinachoeleza kwamba mtu akikaa akarudia neno moja au sala fupi, na mawazo yakizuka akayaacha yapite, mapigo ya moyo hupungua na pumzi hutulia. Alikiri kwamba dini nyingi zilikuwa na mazoezi hayo zamani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, aliyachukua mafunzo ya Kibudha, akayaondolea sura ya ibada, akatengeneza kozi ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Uzingativu tunaouhubiri leo maofisini umetoka hapo kwa sehemu kubwa. Nimewafundisha wagonjwa kadhaa na nimeona unawafaa, hasa wale ambao akili yao haiachi kutafuna jambo la jana. Kwa aliyepoteza kazi au anayepigwa nyumbani, haumwondolei sababu. Unampa nafasi ya kufikiri.

Muumini hatafurahi nikimwambia kwamba zikri ni zoezi la kupunguza msongo, na nitakuwa nimemkosea. Yeye anamtaja Mola wake. Hata kwa jicho la tiba zikri na uzingativu havifanani kabisa: pumzi ya zikri inapopamba moto ni ya haraka na nzito, wakati mwalimu wa uzingativu atakuambia upumue pole pole. Utulivu wa zikri huja baadaye, katika ule ukimya kabla ya dua.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu tuliletewa semina ya afya ya akili kwa watumishi. Kijana mwezeshaji, mpole sana, alituamkia, akatuomba tufumbe macho na kufuata pumzi zetu, kila mtu peke yake. Tulipofumbua akauliza kama kuna aliyewahi kufanya jambo kama hilo. Bi mmoja wa wodi ya wazazi akamjibu, "Kila Alhamisi, mwanangu. Ila sisi tunasimama." Watu wakacheka, naye akacheka, semina ikaendelea na sura iliyofuata.

Laiti angemuuliza zaidi. Tofauti ambayo naona semina zetu hazijaigusa haimo kwenye pumzi. Waliokuwa wanashikana mikono kwa Sheikh Ramiya walikuwa watu waliokatwa ukoo. Hawakuwa na mjomba wa kuwaombea posa wala kaka wa kuwazika, na tarika iliwapa ndugu, matanga, jina la kutajwa kwenye dua. Sisi tunawafundisha watu kutulia, kisha tunawarudisha kila mmoja chumbani kwake na karatasi ya maelekezo. Kwa simulizi ya bibi, murid akikosekana Alhamisi mbili mfululizo, mtoto wa madrasa alitumwa kwake asubuhi kuuliza kuna nini, na kama palikuwa na ugonjwa, jioni ilifika sufuria ya uji.